Gavana Wako Ako na Bosi Mwingine, na Wewe Hukumpigia Kura

Cheki kibao kwa mradi wowote mkubwa wa kaunti yenu. Soko mpya, stage mpya, ama ule mtaro umefunikwa na kabro juu. Mara nyingi utapata nembo tatu hapo: ya kaunti, ya serikali ya kitaifa na ya Benki ya Dunia. Wasee wengi wanasoma bei, wanaguna, wanasonga. Lakini hizo nembo tatu ndio story yenyewe. Moja ni ya mwenye kukopesha, ingine ni ya mwenye kushika ufunguo wa sanduku, na ya mwisho ni ya yule utampigia kelele mvua ikinyesha na mtaro uzibe.

Tumezoea kuambiwa ugatuzi ni vita ya watu wawili. Gavana analia Nairobi imekalia pesa, Nairobi inasema magavana ni wezi, na sisi tunachagua upande kulingana na nani tulimpigia kura. Hiyo story imeacha mtu nje. Kuna mkubwa wa tatu mezani. Hana MCA, hajawahi kusimama juu ya gari akiomba kura, na bado ameamua mambo mob kuhusu vile Nairobi na kaunti zinaishi. Leo tuongee juu yake, pole pole, na tuweke majina na nambari.

Katiba ilisema nini

Mimi hata chuo sikumaliza, lakini Katiba iko bure kwa intaneti na haina mtihani mwishoni. Ifungue. Kifungu cha 6 kinasema serikali ya kitaifa na serikali za kaunti ni tofauti, na zinategemeana. Yaani gavana si karani wa rais. Kifungu cha 203 kinasema kaunti zote 47 zipate angalau asilimia 15 ya mapato ambayo serikali ya kitaifa imekusanya, ikihesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa. Kifungu cha 219 kinataka hiyo pesa itumwe bila kucheleweshwa ovyo.

Mpaka hapo kaunti inaonekana imesimama fiti. Sasa shuka hadi Kifungu cha 212. Kaunti inaweza kukopa, sawa, lakini lazima serikali ya kitaifa iidhamini na bunge la kaunti likubali. Ni kama msee ako na kazi na keja yake, lakini akitaka mkopo mzazi lazima asaini. Ndio maana mradi wa mtaro wa Kitale hauanzii kwa ofisi ya gavana wa Trans Nzoia. Unaanzia kwa Waziri wa Fedha, Nairobi, kwa Hazina ya Taifa.

Halafu kuna Kifungu cha 202. Hicho kinaruhusu kaunti kupewa pesa za ziada kutoka kwa fungu la serikali ya kitaifa, zikiwa na masharti ama bila. Shika hilo neno masharti. Ndio mlango ambao mkubwa wa tatu aliingilia.

Safari ya ganji kutoka Washington

Hivi ndivyo inaendanga. Benki ya Dunia inapitisha mkopo Washington. Waziri wa Fedha anasaini. Deni linaandikwa kwa jina la Kenya. Pesa inashuka kupitia wizara inayosimamia huo mradi, na ikifika kaunti jina lake limebadilika: sasa haiitwi mkopo, inaitwa ruzuku. Gavana anakata utepe akitabasamu kama mtu ameletea watu zawadi. Lakini deni halijaenda popote. Linalipwa na ushuru wako, kwa unga, kwa mafuta, kwa bandosi.

Cheki vile hiyo inachanganya hesabu ya nani anawajibika kwa nani. Gavana ametumia pesa ambayo halipi yeye. Hazina italipa, lakini haikuchimba mtaro. Benki imekopesha na italipwa mtaro ukiwa mzuri ama ukiwa mbaya. Mtu pekee mwenye ako kwa kila hatua ya hiyo safari ni wewe, na wewe ndio haukuwa kwa mkutano.

Kati ya Nairobi na kaunti kuna geti ingine. Mwaka wa 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba pesa za masharti hazifai kuchanganywa na mgao wa kawaida kwa sheria moja. Tangu hapo zinahitaji sheria yake pekee ya pesa za ziada za kaunti. Kwa karatasi hiyo ni poa, inalinda mgao wa kaunti. Kwa ground imekuwa noma, juu hiyo sheria ikikwama, kila kitu ndani yake kinakwama.

Mwaka wa fedha wa 2024/25 wabunge na maseneta walivutana juu ya shilingi bilioni 10.5 za ushuru wa kutengeneza barabara. Kaunti zilisema ni zao, wabunge wakasema zii. Hizo bilioni hazikuwa za wafadhili hata kidogo, lakini zilikuwa kwa mswada huo huo mmoja na pesa za wafadhili. Kwa hivyo mkopo ambao Kenya ilikuwa imeshasaini ulibaki kwa foleni, ukingoja watu wamalize kesi ya barabara. Na mkopo ukichelewa, ni kaunti inaonekana ndio haifanyi kazi.

Penye mgeni alisaidia

Tusikuwe watu wa kulaumu tu. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kuna mahali mwenyeji alipona kweli.

Kabla ya 2013 miji yetu ilikuwa na mabaraza yake, na madiwani wa kuchaguliwa. Ugatuzi ulipokuja, mabaraza yakafa na miji ikaingia ndani ya kaunti. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 ilikuwa imesema miji ikuwe na bodi zake, na meneja wake. Magavana wengi waliisoma wakaifunga. Fikiria ukiwa gavana: mji mkubwa ndio penye parking inalipwa, ndio penye leseni za biashara ziko, ndio penye tenda ya takataka iko. Nani atajitolea kugawa hiyo na bodi? Waliwapigia Nairobi kelele iwaachilie mamlaka, na wao wenyewe wakayakalia yale ya miji.

Mwaka wa 2017 Benki ya Dunia ikapitisha mradi wa kusaidia miji, unaitwa KUSP, mkopo wa dola milioni 300. Ulilenga miji 59 kwa kaunti 45. Nairobi na Mombasa hazikuwa ndani. Sharti lilikuwa rahisi: hakuna hati ya mji na bodi, hakuna pesa ya mitaro, soko, taa na barabara za miguu. Kwa bajeti ya mwaka wa 2018/19 zaidi ya shilingi bilioni 11 zilitengewa hiyo ruzuku peke yake.

Kitu ambacho sheria ya Kenya ilikuwa imeshindwa kufanya tangu 2011, hiyo ganji ilifanya kwa muda mfupi. Hati zikaandikwa, bodi zikaapishwa, mameneja wakaajiriwa. Mkono mtupu haulambwi, na sheria yetu ilikuja na mkono mtupu.

Na hizo bodi si mchezo. Sheria inataka bodi ya manispaa ikuwe na watu 9, na kati yao kuna viti vya wataalamu, wafanyabiashara, vyama vya mitaa, na sekta isiyo rasmi. Hiyo ya mwisho ni mama mboga, fundi wa jua kali, msee wa mtumba. Kisheria, kuna kiti cha watu wako kwa meza ya mji wenu.

Lakini angalia vile ilikuja. Sisi wakaazi hatukuidai tukaipata. Haikuletwa na Seneti, na mahakama haikutuma polisi kuilazimisha. Ililetwa na sharti la mkopo. Gavana alijifunza kwamba sheria ya Kenya inaweza kungoja miaka 6, lakini sheria ya mkopeshaji ina deadline. Na bodi ambayo ilizaliwa ndio pesa iingie, inaweza kulala siku pesa itaisha.

Homework ya gavana inasahihishwa na nani?

KUSP haikuwa peke yake. Mwaka wa 2016 Benki ya Dunia ilikuwa imeleta mradi mwingine wa kusaidia ugatuzi, KDSP, dola milioni 200. Huo ulikuwa kama shule. Kila kaunti inapimwa: hesabu zimekaa aje, mipango iko, wafanyakazi wanasimamiwa vipi, wananchi wanahusishwa ama ni picha tu za mkutano. Ukipita, unapewa pesa zaidi. Ukifeli, unangoja. Awamu ya pili imeingia, na sasa inaangalia vitu kama mapato ya kaunti yenyewe na bili za wakandarasi ambazo hazijalipwa.

Mwaka wa 2021 ukaja mradi wa mazingira, FLLoCA, dola milioni 150 kutoka Benki ya Dunia. Ukitaka, leta sheria ya mabadiliko ya tabianchi, fungua mfuko wake, unda kamati hadi kwa wadi. Karibu kaunti zote zikapitisha hizo sheria. Jiulize ni lini mara ya mwisho umeona mabunge ya kaunti karibu zote yakikubaliana kwa kitu kimoja chenye hakina safari ya nje ndani.

Je, hiyo ni mbaya? Kuna upande wenye si mbaya. Ripoti za hesabu zilianza kuchukuliwa serious kwa kaunti zenye hazikuwa zinajali. Na kaunti masikini ilipata chance ya kushinda pesa kwa kazi nzuri, bila kumjua mtu wa Ikulu.

Shida ni mahali gavana anaangalia. Maafisa wa kaunti wakikaa usiku wakiandika ripoti, wanamwandikia mtu wa mradi Nairobi, mwenye anamwandikia mtu wa Washington. Wewe ukiomba ripoti hiyo hiyo unaambiwa uje kesho. Na Nairobi nayo imepata kazi mpya. Katiba ilisema ni serikali mbili zinazoheshimiana, lakini kwa hii miradi wizara ndio inasimamia upimaji, inapeleka majibu kwa mkopeshaji, na inaachilia pesa. Mradi wenye jina la kusaidia ugatuzi umempa mtu wa Nairobi rula ya kupima gavana. Hapo ndio mkubwa wa tatu anabadilisha mambo kimya kimya: anaipa kaunti pesa na mkono huu, na kwa mkono mwingine anaipa Nairobi ufunguo.

IMF haikutaja kaunti, lakini kaunti zililipa

Benki ya Dunia inaingia kwa mlango na kibao. IMF inaingia kwa hesabu, na hauioni.

Aprili 2021 IMF ilikubali kuikopesha Kenya dola bilioni 2.34 kwa mpango wa miezi 38. Unakumbuka vile Wakenya walijaa kwa mtandao wakiiambia isitukopeshe tena. Mpango wenyewe ulitaka nakisi ya bajeti ipungue na ushuru uongezeke. Hakuna gavana alisaini hiyo karatasi.

Sasa fuata mstari. Juni 2024 ukaja Mswada wa Fedha. Sihitaji kukueleza, wewe ulikuwa huko ama unajua mtu alikuwa. Tarehe 25 vijana waliingia Bunge, na kuna wenye hawakurudi nyumbani. Siku iliyofuata rais akakataa kuusaini, na akasema kuondolewa kwake kumeacha shimo la shilingi bilioni 346.

Wengi wetu tulifikiria story imeisha hapo. Haikuisha. Juni hiyo hiyo sheria ya ugavi wa mapato ilikuwa imezipa kaunti shilingi bilioni 400.1. Shimo lilipotokea, serikali ya kitaifa ikasema zishuke hadi bilioni 380. Seneti ikakataa, Bunge la Taifa likashikilia, kamati ya upatanisho ikaitwa, na miezi ikapita. Mwishowe walikubaliana bilioni 387.4. Mwaka uliotangulia kaunti zilikuwa zimepata bilioni 385.4.

Piga hesabu na mimi. Kutoka 400.1 hadi 387.4 ni bilioni 12.7 zimeenda. Gawa kwa kaunti 47, ni kama milioni 270 kwa kila moja kwa wastani. Hiyo ni dawa, ni mshahara wa nesi, ni karo za chekechea na bursary. IMF haikuandika mahali popote kwamba kaunti zikatwe. Ni Nairobi ilichagua kukata hapo, na ni haki tuseme hivyo. Lakini Nairobi ilikuwa na mtu wa nje wa kuridhisha, na kaunti ndio zilikuwa karibu.

Kuna sababu ingine ya kaunti kuwa mwisho wa foleni. Kifungu cha 214 kinaweka deni la taifa moja kwa moja juu ya Mfuko wa Pamoja wa serikali. Deni halingoji mswada, halingoji kamati ya upatanisho. Likifika tarehe linalipwa. Aprili 2023 mishahara ya watu wa serikali ilipochelewa, David Ndii, mshauri wa rais wa uchumi, aliuliza kwa Twitter watu wachague: mishahara ama nchi ishindwe kulipa deni. Watu walimkasirikia, lakini alikuwa amesema kwa sauti vile foleni imepangwa. Mkopeshaji mbele, kisha wengine. Kifungu cha 219 kinasema bila kucheleweshwa, lakini hakina mtu wa kukishikia rungu.

Machi 2025 Kenya na IMF zilikubaliana kutoendelea na ukaguzi wa mwisho wa ule mpango, na Hazina ikaanza kutafuta mpango mpya. Kwa hivyo hii si historia. Karatasi ingine ikisainiwa, foleni ni ile ile.

Kakuma inatuonyesha mbele

Kama unadhani haya ni mambo ya Benki na IMF peke yake, angalia Turkana. Mambo ya wakimbizi ni kazi ya serikali ya kitaifa. Lakini Desemba 2018 kaunti ya Turkana na UNHCR walizindua mpango wa pamoja wa Kalobeyei, wa wakimbizi na wenyeji kushare shule, hospitali na soko. Kakuma ikapewa hadhi ya manispaa. Machi 2025 rais akazindua Shirika Plan, ya kugeuza kambi zikuwe makazi ya kudumu yenye wenyeji na wakimbizi wanaishi pamoja.

Wazo lenyewe liko na utu. Mtu amezaliwa kambini, amesoma kambini, hajawahi kuona penye wazazi wake walitoka, anafaa kuwa na mji. Lakini mji unahitaji maji, takataka iondolewe, kliniki ifunguliwe. Hizo ni kazi za kaunti. Siku wafadhili watachoka, na wafadhili huchokanga, bili itabaki Lodwar.

Sasa wewe utafanya nini?

Simaanishi tufukuze wakopeshaji. Kuna mitaa iko na taa leo juu yao. Lakini mtu akishika ufunguo wa nyumba yako, angalau ujue jina lake. Hizi ndizo njia zenye ziko wazi tayari, na hakuna inahitaji ujuane na mheshimiwa.

Kwanza, uliza ni nani ameketi kwa kile kiti cha sekta isiyo rasmi kwa bodi ya mji wenu. Alipendekezwa na chama gani? Kama hakuna boda, mama mboga ama fundi anamjua, hapo kuna kitu.

Pili, soma ripoti ya Msimamizi wa Bajeti. Inatokanga kila robo mwaka na iko kwa mtandao wao. Tafuta kaunti yako, shuka hadi penye pesa za ziada zimeorodheshwa. Utaona kaunti ilitarajia ngapi na ilipokea ngapi. Ukisikia gavana anasema Nairobi imekalia pesa, ama Nairobi inasema ilituma, hapo ndio unajua nani anakubeba ufala.

Tatu, jua tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Mkakati wa bajeti unafika Februari 28. Makadirio yenyewe ni Aprili 30. Ukienda kwa mkutano wa wananchi Mei ukiwa na hasira, umechelewa. Mradi wa mkopo uliingia kwa mpango kitambo, ukiwa nyumbani.

Nne, andika barua. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya habari, na sheria ya 2016 inampa afisa siku 21 za kukujibu. Omba matokeo ya upimaji wa kaunti yenu kwa miradi hii: walifeli wapi, walipita wapi, walikosa ngapi. Ile ripoti ilienda hadi Washington. Haiwezi kukosa nauli ya kufika kwenu.

Mkopeshaji anasikizwa juu yeye huuliza swali moja kila mwaka, kwa tarehe ile ile, na asipojibiwa anafunga bomba. Sisi tunauliza mara moja kwa miaka 5, tukiwa tumevaa tishati ya bure. Kaunti itaendelea kumjibu mwenye anauliza.